Pigo la Tatu

Swali lililoninyima usingizi mwaka ule halikuwa kama nitapata kazi. Lilikuwa hili: mpiga ngoma wetu alipokuwa akinifundisha mdundo wake, polepole, pigo moja moja, alijua ninaupeleka wapi?

Bendi ilianzishwa na binamu wawili kutoka kisiwa cha Mfangano, kule ziwani. Mmoja alipiga gitaa na kuimba. Mwingine alipiga ngoma. Yule wa ngoma alijifunzia kanisani kwao, katika dhehebu la kanzu nyeupe na maandamano marefu ya Jumapili, na kila alichopiga kilitembea kama watu wanaopanda mlima wakiimba. Pigo la tatu lilichelewa. Kidogo tu. Ukilisubiri, mwili unainama mbele wenyewe. Juu ya mdundo huo binamu yake aliweka gitaa la roki lenye makelele na maneno ya lugha ya kisiwani, na hiyo ndiyo rege tuliyoifuata sisi vijana wa Shauri Moyo kutoka ukumbi hadi ukumbi. Dandora walicheza hadi vumbi likaingia kwenye spika. Hawakuelewa neno hata moja. Nasi pia.

Niliingia nikiwa bado chuoni, kwa kuwa nilijua kinanda. Nilipohitimu, serikali ilikuwa imeacha kuwachukua wahitimu kama zamani, kwa hiyo likizo yangu haikuisha. Bendi nayo ilikuwa ikipungua. Kumbi zilianza kumpendelea mtu mmoja na santuri zake. Mwimbaji akageuza maneno yakawa ya Kiingereza, kisha akapunguza sauti ya gitaa, kisha tukaanza kupiga nyimbo za watu wengine kwenye harusi. Mpiga besi alipopata kibarua kiwandani, upande wa Mukuru kwa Reuben, hatukutafuta mwingine. Mkono wangu wa kushoto ulichukua nafasi yake. Nilijisifu, kweli. Sikuwaza kwamba mkono uliomla mtu mmoja unaweza kutumwa kumla wa pili.

Halafu mwimbaji akaja na habari ya hoteli mjini. Siku nne kila wiki, mkataba wa kuandikwa.

"Lakini wanataka watu wawili tu," alisema. "Meneja anasema ngoma zinawazuia wageni kutafuna."

"Na binamu yako?"

"Hiki kinanda si kina mahali pa kuhifadhi midundo? Mwambie akufundishe. Ule mdundo ndio sisi, prof. Bila huo sisi ni bendi ya harusi milele."

"Nimwambie ni wa nini?"

"Mwambie unataka kujifunza. Si wewe ndiye mtu wa kusoma?"

Kinanda kilikuwa chake. Mimi nilikuwa vidole.

Nilienda. Mchana mpiga ngoma wetu alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale ambayo wanafunzi hubeba kwenda shule za bweni, katika safu ya mafundi karibu na Gikomba. Siku tatu alinipa saa yake ya chakula. Alipiga kwenye goti langu ili niusikie mdundo mfupani.

"Usihesabu, omera, ndugu yangu! Ukihesabu umeshaukosa."

Nami nilihesabu. Niliandika daftarini: moja, mbili, ngoja, tatu. Nyumbani nikauingiza kwenye kinanda. Kile kinanda kilikuwa na tabia ya kulirudisha mstarini kila pigo lililochelewa, kama mwalimu wa gwaride, na ilinichukua wiki nzima kujua jinsi ya kukikataza. Kilipokubali hatimaye, nilifurahi kwa dakika moja hivi. Kisha nikakizima.

Kuanzia hapo nilipima kila neno lake. Alipokosa mazoezi kwa sababu ya mafua, yalikuwa mafua? Nikimwambia, nitamvunja moyo; nisipomwambia, atakuja kusikia kwa watu. Nilimwandikia barua mbili nikazichana. Naye mama alikuwa ameshawatangazia wanawake wa kikundi chake cha kanisa kwamba kijana wake ameandikwa hotelini. Walinipa mkono mmoja mmoja, nami nikawashukuru mmoja mmoja.

Siku moja kabla ya kuanza, nilibeba kinanda begani hadi kwenye safu ya mafundi, nikakitia betri, nikampa hedifoni. Nyundo zililia pande zote. Alisikiliza amefumba macho.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Mimi sina haraka hivi." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Ni ile hoteli?"

"Tunaanza kesho."

"Nilijua siku ya kwanza. Nani hujifunza ngoma kwa kalamu?"

"Mbona basi ulinifundisha?"

"Binamu yangu hajui kuomba, anajua kutuma watu. Na mama yako ananiuzia mboga za sukuma kila jioni akinieleza vile kijana wake atapata kazi. Ningekunyima?" Akagusa kinanda kwa kidole kilichojaa masizi. "Hapa, la tatu. Limechelewa, lakini halijachoka. Punguza nguvu."

Nilipunguza. Akasikiliza tena.

"Sasa ndio mimi," alisema. Akavua hedifoni, akachukua nyundo, akarudi kwenye kifuniko cha sanduku. Hakunitazama tena.

Kutoka pale nilienda moja kwa moja kwa mwimbaji. Nilimkuta akipiga pasi shati jeusi.

"Mimi siendi," nilisema.

"Huendi wapi?"

"Hotelini. Kinanda chako hiki hapa."

"Prof, wewe huwaza mpaka uji unaganda. Nikitoka hapo nje nitapata mpiga kinanda kabla pasi haijapoa."

"Najua."

"Na jamaa atabaki na masanduku yake vilevile. Umemsaidia nini?"

"Hakuna."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimelizungusha jambo hilo kichwani wiki nyingi nikitafuta upande ambao mtu mmoja angalau ananusurika, na upande huo haukuwepo. Bendi ilikuwa imekwisha kabla sijahitimu. Kazi yangu ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza. Nilikiweka kinanda kitandani, nikakiwasha, nikautafuta mdundo. Labda nilikuwa namnyima mpiga ngoma hata hicho kidogo alichotaka kibaki. Hilo pia nililiwaza, na bado silijui.

Kinanda kiliuliza kama nina hakika nataka kufuta.

"Wacha! Wewe, wacha!" mwimbaji alisema, pasi ingali mkononi.

Nikabonyeza ndiyo.