Mpishi anayejaza kikombe nusu

Saa moja kasorobo asubuhi, dirisha la jiko la shule ya awali linafunguliwa kwa kishindo, na mwanamke mwenye taulo begani anachungulia nje, mwiko mkononi. Mbele yake watoto sitini na wanne wamepanga mstari usiotulia. Wa kwanza, aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, anagonga bega lake mwenyewe mara mbili kwa vidole.

"Na wewe, umeamkaje?" anajibu mpishi.

Bega kugongwa mara mbili ndilo jina lake hapa. Watu wazima wanamwita Shangazi, lakini watoto wamemtungia jina la mkono kutokana na lile taulo lisilobanduka begani. Hata wale wanaoongea kama cherehani hulitumia.

Chini ya dirisha, kwa kimo cha mtoto wa miaka mitano, kuna ubao wenye picha kumi na tano. Kikombe, mkate, ndizi, maji, choo, uso unaolia. Kila picha imechorwa nyuma ya boksi la biskuti na kufunikwa kwa selotepu pana, kisha ikanasishwa ubaoni kwa mikanda ya kunata iliyobanduliwa kwenye viatu vya watoto vilivyochakaa. Mtoto anabandua picha ya anachotaka na kuikabidhi dirishani. Mpishi anakitaja kwa sauti huku mkono wake ukionyesha ishara yake, halafu anamimina uji.

Anamimina nusu kikombe.

Nusu ya pili haiji mpaka iombwe. Mwenye maneno huomba kwa maneno. Asiye nayo hugonganisha ncha za vidole vya mikono miwili, yaani "zaidi". Hakuna anayeondoka na njaa, maana asiyeomba kabisa mpishi humsubiri akihesabu kimoyomoyo mpaka kumi, kisha humshika mikono, wakaifanya ishara pamoja, akamjazia.

"Kumi ni mbali," anasema Shangazi. "Mtoto anakutazama, wewe umeshika upawa. Ukifika sita mkono wenyewe unataka kumimina. Mimi huwa naukaripia."

Wa mwisho kwenye mstari ni msichana wa miaka mitano anayetembea taratibu, mikono nyuma, kama aliyekuja kukagua. Babu yake alimpa jina la Balozi, kwa kuwa anamwangalia kila mtu vizuri na hasemi chochote. Anasikia sawasawa, hospitali imethibitisha. Maneno tu ndiyo hayajamtoka.

Leo ni Jumatatu ya wiki ya mwisho ya muhula. Ijumaa shule inafungwa, na babu huyo, fundi saa aliyemlea Balozi tangu akiwa na mwaka mmoja, ameshatoa kauli yake. Kama kufikia siku hiyo hajaona maendeleo yoyote kwa macho yake, mjukuu hatarudi. Watakaa wote kibandani kwake, mmoja akitengeneza saa, mwingine akitazama.

Shangazi anaijua tarehe hiyo kuliko anavyojua siku yake ya kuzaliwa.

Hakusomea ualimu. Aliajiriwa kupika, na miaka kumi na mmoja baadaye bado anapika. Mshahara wake unatosha kodi ya chumba na chakula cha wiki tatu. Wiki ya nne anaitafuta kwa kushona mapindo ya sare za wanafunzi. Mambo ya ishara aliyaanza nyumbani, kwa kitinda mimba wake, aliyefika miaka minne akiwa na neno moja tu, nalo alikuwa akimwitia kuku.

Mtaalamu wa lugha za watoto aliyepita kliniki siku moja alimwonyesha ishara tatu: zaidi, basi, saidia. Akamwambia aseme neno kila anapoonyesha ishara, asiache kimoja. Hakumwona tena mtaalamu huyo. Alibaki na ishara zake tatu, akazitumia asubuhi, mchana na jioni.

"Majirani waliona nimechanganyikiwa. Natoka dukani nagonganisha vidole peke yangu," anasimulia akicheka. "Sasa mwanangu yuko sekondari. Simu yake ndiyo inayonifilisi, anavyoongea."

Alipoajiriwa alikuta kila darasa lina watoto wawili au watatu wasiosema. Mwalimu alikuwa na vipindi vya kumaliza. Yeye alikuwa na dirisha, na kitu ambacho kila mtoto anakitaka. Akachora kikombe, akakibandika.

Mwalimu wa darasa la Balozi anakiri kwamba mwanzoni aliona ni mchezo. Siku hizi anazo picha zake mwenyewe ukutani. Anaeleza kwamba mikono ya mtoto hukomaa mapema kuliko ulimi, ndiyo maana mtoto anayenyoosha kidole au kupunga mkono huwa ameshaanza kuzungumza. Neno likija, anasema, ishara huachika yenyewe, kama mtoto anavyoacha kutambaa akishasimama.

Kati ya watoto tisa walioanza mwaka huu bila maneno, sita sasa wana maneno yanayoeleweka. Balozi hayumo kati ya hao sita.

Mgogoro na babu ulianza wiki ya tatu ya muhula. Alipita kwenye uzio saa ya uji, akasimama kuchungulia. Aliona kwa macho yake mawili mjukuu wake akipewa nusu kikombe, na jirani yake vilevile, na aliyefuata pia. Jioni hiyohiyo aliandika barua kwa kamati ya shule, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyezoea vitu vidogo, akisema kuwa mpishi anawapunja watoto na uji unaobaki haujulikani unakokwenda.

Kamati ilikuja watu watano, mwenyekiti mbele. Shangazi aliwakaribisha jikoni, akawakalisha kwenye viti vya watoto kwa kuwa vingine hakuna, akawamiminia chai. Nusu nusu.

Mwenyekiti alikitazama kikombe chake, akamtazama mpishi.

"Shangazi, mbona nusu? Ongeza basi."

"Ahsante, mheshimiwa," alijibu. "Umesema maneno matano. Mwaka mzima nawatafutia watoto maneno mawili."

Inasemekana mwenyekiti alicheka mpaka kiti kile kidogo kikamshinda, akakaa sakafuni. Sufuria lilikaguliwa, likakutwa limekwanguliwa. Kesi ikaishia hapo, na mwenyekiti akajaziwa chai.

Babu hakucheka. Alikubali kwamba hakuna uji ulioibwa, ila alikuwa na neno lililomkaa moyoni.

"Mjukuu wangu si bubu," alimwambia Shangazi siku hiyo. "Nyinyi mnamfundisha ububu. Akizoea kuonyesha kidole, mdomo utamfaa nini?"

Hapo ndipo alipotaja Ijumaa ya kufunga shule.

Shangazi hakubishana. Alichofanya ni kwenda kibandani kwa fundi huyo na saa ya mkononi iliyokufa miaka mingi, akaomba itengenezwe akiisubiri. Alikaa saa nzima kwenye benchi, akitazama. Mzee aliinamia kazi, kioo jichoni, vibisibisi vyembamba kama sindano mbele yake, na Balozi pembeni kwenye kigoda. Mtoto alipogeuza tu shingo kuelekea birika, maji yalikuwa mkononi mwake. Alipokunja pua, sweta lilikuwa limeshavuliwa. Ndizi ilimfikia ikiwa imemenywa.

"Nikamwambia, Babu, wewe mapenzi yako yana mbio kuliko saa zako," anakumbuka Shangazi. "Huyu mtoto atasema lini, na kila kitu kimeshafika?"

Alimwomba jambo moja tu. Ampe nusu, ahesabu mpaka kumi. Mzee alimjibu kwamba hakulelewa kwa kusubirishwa chakula na hatamlea mtu hivyo. Akamkabidhi saa yake ikiwa inatembea, akakataa malipo.

Shuleni mambo hayakuwa rahisi. Kwa wiki kadhaa Balozi alipofika dirishani alikuwa akikitupa kikombe. Uji ukaruka ukutani, juu ya viatu, siku moja ndani ya mfuko wa mwalimu. Walidhani ni hasira ya kupewa nusu. Shangazi akamjazia mpaka juu, kikatupwa vilevile.

Usiku mmoja, akishona pindo la sketi ya mtu, ndipo alipogundua kosa lake. Ubao wake ulikuwa na picha kumi na nne za vitu vya kutaka, na hapakuwa na hata moja ya kukataa.

"Miaka yote hiyo nimewafundisha kusema nipe," anasema, akijipiga paji la uso. "Nani kasema kila mtu anapenda uji wangu?"

Kesho yake akachora picha ya kumi na tano: kiganja kimenyooka, kinasukuma mbali. Sitaki. Balozi alipofika dirishani aliikagua kwa muda mrefu, kama barua iliyomfikia mwenyewe. Akaibandua, akamkabidhi mpishi, akarudisha mikono nyuma.

Uji ulikuwa na utando juu. Shangazi akauchota utando, akatupa, akauliza tena. Balozi akanywa wote, akagonganisha ncha za vidole. Zaidi.

"Nilikataliwa uji wangu mbele ya shule nzima, na sijawahi kufurahi hivyo," anasema.

Tangu siku hiyo hakuna kikombe kilichoruka. Balozi ana ishara nane na picha zote kumi na tano. Lakini kibandani kwa babu hana sababu ya kutumia hata moja, na babu anachokijua ni kile anachokiona kibandani.

Ndivyo Ijumaa inavyofika.

Saa tatu asubuhi uwanja umejaa wazazi. Ni desturi ya shule kuwapa kikombe cha uji siku ya kufunga, na Shangazi hana ubaguzi: watu wazima nao wanapata nusu. Malalamiko yanatoka kila benchi. Mama mmoja anauliza kama upawa umevunjika. Baba mwingine anasema hata kwa mama mkwe wake hupimiwa vizuri zaidi. Kila anayelalamika anajaziwa, na wanaomjua Shangazi wanacheka.

Babu ameketi mwisho wa benchi, koti limefungwa vifungo vyote. Nusu yake ameshaimaliza. Kuomba nyingine hawezi, maana mtu aliyeandika barua kuhusu vikombe nusu atafungua vipi mdomo wake? Anakishikilia kikombe kitupu magotini na kutazama mbele.

Shangazi amemwona. Amesimama dirishani, upawa juu ya sufuria. Midomo yake inahesabu.

Balozi amesimama mbele ya babu yake. Anachungulia ndani ya kikombe. Anamtazama babu, anageuka kumtazama mpishi. Kisha, katikati ya uwanja, anainua mikono na kugonganisha ncha za vidole. Zaidi. Anaona kama haijaeleweka ni ya nani, kwa hiyo anaweka kiganja juu ya goti la mzee.

"Babu," anasema.

Sauti yake ni nene kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Mwalimu, aliyekuwa akisoma orodha ya majina, anageuka kutazama.

Mzee anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya koti, anaivaa, anaivua tena. Anaulaumu mvuke wa uji, ingawa kikombe chake ni kitupu.

"Jaza basi, Shangazi," anasema hatimaye. "Si umeagizwa?"

Shangazi anajaza mpaka ukingoni, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii uji unamwagika nje ya kikombe.

Babu anakunywa wote, anauliza muhula ujao unaanza tarehe ngapi, anaiandika nyuma ya risiti na kuiweka mfuko wa ndani. Halafu anauliza kama zile picha zinaweza kuchongwa kwenye bati jembamba, maana boksi la biskuti halitamaliza mvua mbili.

Shangazi ameshampangia kazi nyingine. Muhula ujao anataka kufungua darasa la Jumamosi humohumo jikoni, saa moja tu, kwa ajili ya mama, baba, mabibi na mababu. Mwalimu mkuu amekubali. Anachohitaji ni saa kubwa ya ukutani yenye mshale wa sekunde unaoonekana kutoka mbali, na rangi nyekundu kuanzia sekunde sifuri mpaka kumi.

"Watoto watajifunza, hao siwahofii," anasema akikwangua sufuria. "Shida yangu ni hawa wanaowapenda. Nataka niwafundishe kujifanya hawajui, sekunde kumi tu. Wakiweza hapo, mengine watoto watayasema wenyewe."

Fundi ameahidi saa hiyo kabla shule haijafunguliwa. Ameandikishwa pia kuwa mwanafunzi wa kwanza, ingawa anadai hakuulizwa.

Uwanja unapoanza kuwa mtupu, anatoa ndizi mfukoni na kuanza kuimenya kwa ajili ya safari ya nyumbani. Balozi ananyoosha kiganja na kuusukuma mkono wake mbali.

Mzee anaelewa. Anamkabidhi ndizi na ganda lake, anatia mikono yote miwili mfukoni ili isimponyoke, na kuanza kuhesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, huku mjukuu wake akitafuta pa kuanzia kulimenya ganda.