Tope Lililoumuka na Bomba Limefungwa

Mnapita pale ukutani kila siku mmebana pua, macho mmeyapeleka upande wa pili. Msiniambie hamjui.

Mimi nilikuwa ndani ya ukuta huo. Kazi yangu: kupima kwa fito tangi la tope la kiwanda cha ngozi.

Asubuhi moja nikakuta tope limepanda shubiri nzima. Na bomba la kuingizia tope lilikuwa limefungwa wiki nzima.

Nikamweleza msimamizi nilichosoma kwenye kijitabu cha mitambo: tope zito hushika mapovu ya gesi tumboni, hayana pa kutokea, basi linaumuka.

Akacheka mpaka akashika meza. "Kwani huo ni unga wa mkate?"

Tangu hapo nikawa Mwokaji kiwanda kizima. Hata kwa shemeji, mume wa dada yangu, niliyemwombea kazi pale mwenyewe.

Wiki ya pili tope likakaribia mdomo wa tangi. Msimamizi akaacha kucheka. Akasema kama ni mapovu, mashine ya kukoroga iwashwe, yatoke.

Nikamwambia yatatoka yote kwa mpigo, watu waondoke kwanza. Akauliza nani atashika swichi, mimi na kijitabu changu?

Swichi iko pale pale mdomoni mwa tangi. Shemeji akaishika.

Tope likatokota bila moto, kisha likadidimia. Akanigeukia, mimi niko ng'ambo ya uwanja.

"Mwokaji, mkate wako umebonyea. Na harufu yenyewe imekata."

Haikukata, jamani. Gesi ile ikizidi, pua ndiyo inayokufa kwanza.

Shemeji akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Hakuinuka tena.

Ripoti ikasema kilichomuua ni presha. Haya. Lakini ikaambatanishwa na kipimo changu cha siku ile: tope limeshuka shubiri tatu. Saini yangu chini. Ushahidi kwamba kukoroga kunafaa!

Maneno yangu yakawa amri, imebandikwa ukutani mwaka wa tisa huu: likiumuka, korogeni.

Nilichelewa kujifunza. Ukimweleza mkubwa hatari, anachukua kipande kinachomfaa, kinachookoa watu anakuachia wewe.

Jana mtu wa zamu kanitumia picha. Bomba limefungwa, tope limefika mdomoni. Wanakoroga kesho saa mbili asubuhi.

Una ndugu pale? Mpigie sasa hivi, asiguse swichi.

Huna? Saa moja na nusu uwe getini, tuizuie zamu isiingie. Pole zako sizitaki.