Rudia Nilivyokwambia

Mfamasia wa mtaa wa Sharafiya, hapa Jidda, hakumwachia mteja dawa mpaka arudie maelezo. Kidole kikiwa bado juu ya kisanduku, alisema kwa upole, "Rudia nilivyokwambia," na hata madereva waliopigiwa honi nje walirudia kama watoto wa chuoni. Wahida, aliyepokea malipo, alimwona msumbufu. Waswahili wenzao wa mtaa wa Ghulail huitikia "sawa" kwa adabu hata wasipoelewa, na mfamasia "sawa" hakuitaka.

Alasiri moja mfamasia aliganda mbele ya rafu. Kisanduku cha dawa ya presha ya bibi mmoja kilikuwa bado kipo. Alichoondoka nacho bibi ni kisanduku cha kufanana nacho, dawa ya sukari, naye haumwi sukari. Akashika simu. Mwenye duka akamzuia mkono. "Mwambie airudishe tu, kampuni imebadilisha dawa. Ukitamka kwamba umekosea, neno hilo litakufuata mahakamani, na leseni utaiaga." Mfamasia akafuta miwani kwa ncha ya koti, kama kawaida yake, kisha akapiga, simu ameiweka kwenye spika.

"Bibi, umeshameza?"

"Bado, mwanangu. Nangoja nile kwanza."

"Usimeze. Nimekupa dawa siyo. Kosa ni langu, naja kuichukua."

"Sawa, mwanangu."

Wahida akadhani yamekwisha.

"Bibi, rudia nilivyokwambia."

Kisha sauti ya bibi, taratibu, kwa haya, ikajaa duka zima: "Nisimeze. Kosa ni lako."

"Ndivyo," akasema, huku akivua koti.