Nisani ya Nyangate

Bosibori, jirani yangu, aliniita kwenye ua nikianika nepi. "Mama Lavender, umesikia? Nyangate amekula gari la soko."

"Gari zima?"

"Na magurudumu. Ndiyo maana siku hizi hasalimii watu. Ameshiba."

Sikucheka. Nyangate anakaa upande wetu wa chini, na jioni namwona akila ugali na chumvi. Mtu aliyekula gari angekuwa na mboga.

Ameuza misumari na mabati pale Mosocho miaka kumi na sita. Watu wa vijijini walikuwa wakishapata gari, wanapita moja kwa moja kwenda kununua Kisii mjini, na maduka ya Mosocho yanabaki na nzi. Nyangate ndiye aliyewakalisha wenye maduka akawaambia wanunue nisani yao, gari dogo la abiria, iingie vijijini, ilete watu sokoni. Nauli iwe shilingi ishirini, na kila duka litoe kitu kidogo kila wiki cha kujazia mafuta. Walipiga makofi. Chama cha mikopo kilipotaka dhamana, kila mtu aliangalia viatu vyake. Nyangate akaenda nyumbani akaleta hati ya shamba.

Mimi nilipanda hiyo nisani nikimpeleka Lavender kliniki. Abigael, mke wa Nyangate, alikuwa bado hai. Alinishikia mtoto mapajani njia yote, akimwimbia polepole.

Shida ilianzia kwa steji. Gari lilikuwa linashusha watu mbele ya maduka ya barabarani. Wenye maduka ya nyuma wakasema, "Kumbe sisi tunawalipia wenzetu wateja." Wakaacha kutoa. Wa mbele walipoona wa nyuma hawatoi, nao wakaacha. Nyangate hakusimamisha gari. Alijaza mafuta na pesa ya duka lake, akisema watu wakizoea wenzake watarudi, mpaka kwa rafu pakabaki misumari ya kutu. Hapo ndipo alipokosea, na hakuna aliyemwambia. Hata mimi niliyekuwa nalipa ile ishirini sikumwambia.

Abigael alikufa na presha mwaka jana, mwezi wa nne. Alizikwa nyuma ya jikoni, udongo ukasawazishwa vile tunafanya huku, bila saruji. Sasa migomba imefunika mahali pale. Baada ya mazishi nisani ilichukuliwa na chama cha mikopo ikauzwa, na bei yake haikufika deni. Limebaki shamba. Mnada ni Jumanne.

Jana Nyangate alikuja mlangoni kwangu, kofia mkononi. Nilimpa kiti, akakataa. Lavender alimshika suruali, akamwacha ashike.

"Kuna mtu wa Keumbu analitaka shamba," akasema. "Kesho anakuja kuliangalia."

"Ni mtu mzuri, mzee?"

"Ana pesa. Akipandisha bei, deni litaisha, nami nitabaki na cha kukodi chumba. Akiogopa, shamba litaenda bure, na bado nitadaiwa."

Huku kwetu mnunuzi hamwamini mwenye shamba. Anauliza jirani: mpaka uko wapi, na ni nani amelala humo ndani. Watu wanalikimbia shamba lenye kaburi.

"Atakuja kwako," akasema. "Bosibori nimemtafutia kazi ya kumpeleka sokoni kesho tangu asubuhi. Ule mdomo haufungiki."

"Na mimi nimwambie nini?"

Aligeuza kofia mara mbili. "Akiuliza kaburi, sema hakuna. Akiuliza mke wangu, sema alizikwa kwao."

Mke kuzikwa kwa wazazi wake ni kusema hakuwahi kuolewa. Nyangate alimlipia Abigael ng'ombe wote wa mahari, kijiji kizima kinajua. Nilimwangalia usoni, akaangalia chini, kwa mtoto.

"Tafadhali, mwanangu," akasema. "Mwambie nyuma ya jikoni ni migomba tu."