Maji Niliyoyamwaga

Harufu ya mafuta ya nyonyo hunirudisha uani kwetu, Ngorongo, nikiwa na miaka kama saba. Baba na wenzake walipakwa na mganga dawa ya maji na mafuta hayo, wakanuka kama utambi wa taa. Kisha kila mmoja akavishwa kipande cha mwanzi chenye maji yale, ili risasi za Mjerumani zisimdhuru. Bakora za akida kwenye shamba la pamba zilikuwa zimewafika kooni.

Baba alikuwa na neno lake, "Ya Mungu yameandikwa." Mama, ambaye ulimi wake haukulala, akamwuliza, "Kama yameandikwa, mwanzi wa nini, baba watoto?" Baba akacheka.

Asubuhi ya kuondoka aliutundika mwanzi ukutani, akaenda kutawadha. Kaka yake, Baba Mkubwa, alikwisha fika njiani na wenzao. Nami, kwa udadisi wangu usio na dawa, nikautungua nione maji ya vita yana rangi gani. Kizibo kikachomoka, yakamwagika yote. Nikaujaza upesi kwa maji ya mtungini, nikaurudisha. Lakini Baba alipouvaa, hofu ilinishinda. Nikamkumbatia mguu, nikalia, nikamwambia.

Alininyanyua, akanifuta kamasi kwa shuka yake. Akautazama ule mwanzi, kisha akaita, "Kaka, tangulieni. Maji yangu yamemwagika."

Baba Mkubwa alinitupia jicho kali, akaenda. Hakurudi.

Watu waliomwita Baba mwoga aliwajibu, "Mtoto kamwaga. Ndivyo ilivyoandikwa." Mimi aliniambia, "Hukukosa kitu, mwanangu." Nikakua nikiamini kwamba mkono wangu ndio uliombakisha hai, na siku nyingine, nisiwafiche, kwamba ndio uliomnyima Baba Mkubwa ndugu wa kusimama naye.

Baba alifariki uzeeni, kitandani mwake. Baada ya arobaini yake nikamweleza Mama mzigo wangu. Akashangaa.

"Mwanangu, siku ile yule mganga alikuwa bado kwa jirani, akijaza mianzi ya kila aliyetaka. Baba yako alikula naye mchana ule ule."

Nililia upya. Kumbe Baba aliamua mwenyewe, kwa akili zake timamu, akaona haya kusema kwamba alitupenda kuliko vita. Ningempata leo ningemwambia tu, Baba, ahsante kwa kubaki.