Macho ya Moraa

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa kuni, nilisomea jikoni kwa magokoro, bibi yangu mzaa mama, huko Nyaramba. Mvua ya alasiri ikishashika, humo ndani mlikuwa na giza kabisa, basi nilijibanza kando ya moto, kitabu puani, machozi ya moshi yakinitiririka.

Nilipewa jina la mama yake magokoro, Moraa, aliyekufa kipofu. Kwetu jina la marehemu haliji mikono mitupu. Mtoto huja na mwendo wa marehemu huyo, hasira zake, hata maradhi yake. Ndiyo maana magokoro aliniita "mama", na bado alinifokea.

"Mama, toka kwa moshi! Moraa atayadai hayo macho."

"Nimalize ukurasa huu tu."

"Kurasa zako ni kama majani chai. Ukichuma leo, kesho yako pale pale."

Siku moja maandishi yalianza kunichezea. Nikalia. Magokoro aliacha mwiko ndani ya ugali, akaugeukia mlango, akasema na mtu nisiyemwona: "Mama, kama ni macho unataka, chukua yangu. Huyu mwachie, bado anasoma." Jumamosi, Sabato yetu, alikaa kanisani safu ya mbele, siku nyingine alikuwa na wafu wake.

Akarudi kusonga ugali. Nami nikafungua ukurasa uliofuata.

Leo ninavaa miwani, ninahariri vitabu, na nina digrii ya kunihakikishia kwamba moshi na giza vilinichosha macho tu. Magokoro ana mtoto wa jicho, kote kuwili. Ni uzee, naweza kukuchorea jicho lenyewe. Majuzi nilimwendea ili nimpeleke Kisii mjini akafanyiwe upasuaji. Nilimkuta mlangoni akiambua maharagwe kwa kupapasa.

"Siendi."

"Magokoro, ni kazi ya asubuhi moja tu. Utawaona tena kuku wako."

"Nikirudishiwa yangu, Moraa ataenda kwa nani? Na wewe bado unasoma."

Nilicheka, mimi ninayewakejeli wenzangu wanaosoma nyota. Nikafungua mdomo nimweleze habari za lenzi, nikajisikia nikisema, "Haya, sitakulazimisha."

Nilikubali haraka mno. Yeye alitabasamu, akanisogezea ungo. Nikakaa kando yake kuambua, nimejaa aibu, nikiiona kila punje vizuri kabisa.