Sikumwita Baba Mdogo

Mimi huandika polepole. Niliishia darasa la sita la shule ya msingi, na hadi leo kila herufi huitafuta kwanza kichwani kabla kidole hakijaigusa. Kusema nako, mbele ya mtu nisiyemzoea, ni kazi. Sitaki kuhurumiwa kwa hayo. Nilinunua gari kwa herufi hizo hizo za polepole, nikalileta Bunia, huku Kongo, mwenyewe, na ninaandika haya kwa sababu mtaani wanasimulia vingine. Wanasema baba mdogo aliwapigia simu watu wa bariyeri, kizuizi cha barabarani, wakaniachia.

Hakupiga. Sikumwita.

Mama yangu anauza samaki wa kukaushwa. Huwafuata Tchomia, ziwani, na kwa miaka mingi walifika Bunia kwa pikipiki, mimi nikiendesha, mama nyuma yangu, magunia nyuma ya mama. Mvua ikitukuta njiani samaki wanalowa, na samaki aliyekwisha kaushwa akilowa tena, hata paka humtazama mara mbili. Tulitaka gari dogo lenye nafasi ya mizigo. Kuendesha nilijifunza kwa mwenye pikapu mmoja niliyempakilia mizigo, na permi, leseni ya udereva, nilikuwa nayo.

Kwetu, gari halinunuliwi na kijana. Anatafutwa mkubwa wa familia, mkubwa anatafuta komisioneri, yaani dalali, wanalizunguka gari, wanapiga matairi teke, wanagombana na muuzaji, wanakwenda kunywa, wanarudi kugombana. Mwenye pesa anasimama pembeni. Gari likifika nyumbani, mkubwa ndiye anayeliingiza uani, kisha analizungusha mjini kulijaribu. Jirani yetu mmoja alinunua gari kwa njia hiyo, na mkubwa wake bado analijaribu.

Langu nililiona kwenye simu, katika kundi la watu wanaouza magari ya mtumba. Muuzaji alikuwa mama mfanyabiashara, aliyehamia Komanda kutoka Butembo. Alituma picha, kisha video. Katika kila video moteri ilikuwa tayari inanguruma, sauti safi, bila kukohoa. Nilizitazama hadi mama akasema motokari hiyo itachakaa kwa macho yangu kabla ya kufika.

Yule mama alisema kwa odio, moja juu ya nyingine, kama mvua kwenye bati. Mimi nilijibu kwa maandishi. Alipotaja bei nilianza kutafuta herufi, na kabla sijamaliza neno la tatu, odio nyingine iliingia: "Bon, papa, nisikie, nakupunguzia kidogo." Nikafuta, kwa kuwa bei ilikuwa imebadilika, nikaanza upya. Akapunguza tena. "Papa, weye iko mugumu! Hata kujibu haujibu!" Sikuwa mgumu. Nilikuwa naandika. Nilipofaulu kutuma neno "Nakubali", alikuwa ameshaongeza gurudumu la akiba.

Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, aliposikia alikuja akaketi uani kwetu. Majirani wawili walimfuata kusikiliza.

"Umenunua motokari mu simu?"

"Ndiyo, baba mudogo."

"Na matairi? Umeyapiga teke mu simu?"

Majirani wakacheka. Mama akasema, "Shemeji, muache mutoto."

"Simukatazi. Lakini njia ya Komanda iko na bariyeri. Huyu hata bonjour inamushinda. Atabaambia nini kule? Mimi njo banajua." Akanigeukia. "Tusikilizane. Enda peke yako. Lakini kama unaniita, hata mara moja, ufunguo itakuwa ya mimi. Nitaendesha mimi, na mama yako atapanda sawa abiria wengine."

"Sitakuita," nikasema. Nadhani nilisema kwa nguvu kidogo, maana mama aliacha kuchekecha unga.

Rafiki alinipeleka Komanda kwa pikipiki, akarudi. Gari lilikuwa karibu na njia panda, mahali malori yanaposimama, na lilikuwa linanguruma. Muuzaji alinitazama kutoka viatu hadi kichwa.

"Weye njo papa?"

Nikaitika kwa kichwa. Akashika kiuno, akawaita wenzake waliokuwa wakiuza ndizi. "Bamama, mukuje muone! Huyu njo muzee alinikausha roho!" Walicheka hadi mmoja akaketi chini. Kisha akajikausha macho. "Kama ningejua ni mutoto, nisingepunguza vile. Ile gurudumu ya akiba, tuisahau."

Nilitikisa kichwa kukataa. Basi nikatoa simu. Nilisimama mbele yake, karibu naye hata angeweza kunishika bega, nikaanza kuandika. Alingoja. Wale wa ndizi wakangoja. Simu yake ikalia mkononi mwake, akasoma kwa sauti: "Mama bila gurudumu sichukui."

"Niko hapa na unaniandikia?"

Nikaanza kuandika jibu.

"Yesu wangu! Mumupatie gurudumu, huyu atatulaza hapa!"

Lilitiwa nyuma. Akanipa karatasi za gari, na nilipokuwa nakaa alisema dirishani, "Iache iwake tu, usiizimezime. Ipate moto muzuri." Nilidhani ni shauri la mtu anayependa gari lake.

Nje ya Komanda mama mmoja mwenye kuku wawili na ndizi aliomba nimfikishe Bunia. Nikakubali kwa kichwa. Akaketi kushoto kwangu, maana gari lilitoka upande wa Uganda na volan yake, usukani, iko kulia. Aliniuliza kuhusu wazazi, kanisa na bei ya chumvi. Nilijibu kwa kichwa, na pale kichwa kisipotosha, kwa bega. Baada ya muda aliacha kuuliza, akawa ananitazama kwa huruma. Sikujua ameamua nini.

Kwenye bariyeri kamba ilikuwa imekatisha njia, na watu watatu wameketi chini ya turubai. Mkubwa wao alikuja upande wa kushoto, anakokaa dereva kwetu, akakutana na mama wa kuku.

"Peti, weye mutoto, zima moteri, tusikilizane."

Nikazima.

"Motokari ya nani hii?"

Neno lilikuwapo, lilikuwa linakuja. Lakini mama wa kuku hakulingoja.

"Shefu, umuhurumie. Ni bubu huyu. Tangu Komanda hajasema kitu. Mungu alimunyima mudomo, akamupa motokari."

Uso wa yule mtu ukalegea. Aliondoa mkono mlangoni, akamwashiria mwenzake, na kamba ikaanza kushuka.

Hapo ningenyamaza tu. Njia ilikuwa inafunguka, na hakuna aliyetaka chochote kwangu. Lakini niliona kamba ile inashushwa kwa ajili ya mtu ambaye si mimi. Habari za bubu mwenye gari zingefika Bunia kabla yangu, na bubu hawezi kukataa kitu. Baba mdogo angechukua ufunguo kwa huruma, na wote wangesema amefanya vema.

"Mimi si bubu," nikasema.

Kamba ikasimama katikati.

"Ee Mungu!" Mama akapiga paja, kuku wakalia. "Kumbe uko na sauti! Na ulingoja hapa njo uitoe?"

"Kama anasema, basi tuseme," akasema mkubwa wa bariyeri. Kamba ikapanda tena. Akaja upande wangu.

Aliniuliza nimetoka wapi, nimenunua kwa nani, kwa nini mkubwa wangu hayupo. Nilijibu moja moja. Maneno yangu yalikuwa machache na yalikuja kwa mwendo wao, lakini yalikuja, naye alilazimika kuyangoja kama muuzaji alivyongoja. Akasoma jina la familia kwenye karatasi, akatabasamu.

"Baba yako mudogo tunamujua. Mupigie, aseme neno moja tu, unapita." Akaninyooshea simu yake mwenyewe.

"Simupigii."

"Sababu gani?"

"Motokari haiko yake."

Mama wa kuku akanong'ona, "Mutoto, piga simu, nyumbani banangoja ndizi." Nilitazama mbele. Nyuma yetu lori lilifika, likapiga honi. Yule mtu alinikazia macho, kisha akachoka, akaashiria kamba ishushwe. "Haya, toka. Unaziba njia."

Nikazungusha ufunguo. Gari likafanya tiki. Nikarudia. Tiki.

Ndipo nilipozielewa zile video zote. Komisioneri yeyote wa Bunia angesema kwanza: zima, kisha washa, tuone. Mimi sikuomba hilo, maana sauti ya moteri ilinitosha. Kosa ni langu. Nililinunua pamoja na gari, na sikumwachia mtu sehemu yake.

"Washa!" akasema mkubwa wa bariyeri.

"Haiwaki. Batri imekufa."

"Na sasa?"

"Ni nyinyi mulisema nizime."

Mama wa kuku alijifunika mdomo kwa kitenge. Honi ya lori ikalia tena, ndefu, na nyuma ya lori nyingine ikaitika. Yule mtu alitazama malori, akanitazama mimi, akawageukia wenzake.

"Mukuje musukume!"

Walisukuma wote watatu, pamoja na kijana wa lori. Mama wa kuku alikataa kushuka, akasema akishuka ataachwa, akabaki ndani akiwahimiza kama yuko kwenye harusi. Gari likakohoa, likaruka, likawaka. Sikusimama kushukuru. Nilitoa mkono dirishani.

Mama wa kuku nilimshusha mjini, na nilipofika mtaani kwetu baba mdogo alikuwa mlangoni mwa ua na majirani wake. Simu yake ilikuwa mkononi. Alinyoosha mkono mwingine, kiganja juu.

"Zima, shuka. Mukubwa njo anaingizaka motokari."

"Sikukuita, baba mudogo."

"Ile ilikuwa ya njiani. Hapa ni nyumbani."

Sikuzima, na sikushuka. Mama yangu alitoka akijipangusa mikono. Alilizunguka gari mara moja, hakupiga tairi teke, akafungua mlango wa kushoto, akakaa. "Shemeji, sogea," akasema, "usikanyagwe."

Lakini sikuingia. Ua wetu una mlango mmoja, na desturi ya mlango huo ilikuwa imesimama pale kiganja juu. Nikageuza, nikapanda hadi juu ya mtaa wetu, kwenye mteremko, nikaliegesha pua ikitazama chini, nikaweka jiwe chini ya tairi, ndipo nikazima. Nyuma yangu watu walisema, "Anakataa kuingiza!" Ndiyo. Gari lisiloingizwa halina mwingizaji.

Asubuhi tulipokuwa tunapakia magunia matupu ya kwenda Tchomia, baba mdogo alikuja. Habari za bariyeri zilikuwa zimemfikia.

"Nimesikia haiwaki," akasema, akajiegemeza mbele ya gari. "Sema neno moja tu. Sema, baba mudogo, nisaidie. Nitasukuma."

Mama alinitazama. Niliondoa jiwe, nikarudi ndani, nikakanyaga ambreyaji, yaani klachi, nikatia gia ya pili, nikaachia breki. Gari likaanza kwenda taratibu, kwa mwendo wa kuandika kwangu. Baba mdogo akaruka pembeni. Karibu na nyumba ya mwisho nikaachia mguu, moteri ikashika, kuku wa mtaa wakatawanyika, na mama akafunga kioo kwa sababu ya vumbi.

Batri mpya nilitia baadaye. Bado naliegesha pale juu. Baba mdogo naye, siku akiwa na safari ya Tchomia, hupanda. Anakaa nyuma, na samaki.